Asilimia Tano ni Nini?

Ukiiambia programu ya kupanga kurasa ikutengenezee rangi inayoanza kijivu kizito na kufifia polepole, itakupa papo hapo. Kwenye skrini inateleza vizuri, hadi unajisifu. Shida huanza karatasi ikitoka matbaani: badala ya mteremko laini unaona michirizi, ukanda baada ya ukanda, kama ngazi. Unabadilisha hiki, unapunguza kile, unachapisha tena. Ngazi bado iko.

Sababu ni hesabu tu. Kompyuta haijui mteremko, inajua vidato. Kwa kawaida kila rangi ya msingi hupewa viwango 256, basi. Ukitaka kijivu kitoke asilimia 40 hadi 20, umebaki na viwango kama 51. Vitandaze kwenye karatasi ya A3 yenye urefu wa milimita 420, na kila kidato kitakuwa na upana wa milimita 8 hivi. Jicho nalo huongeza chumvi: Ernst Mach alieleza mwaka 1865 jinsi tunavyoiona tofauti kuwa kubwa zaidi pale vivuli viwili vinapokutana. Dawa ya mafundi ni kunyunyizia rangi chembechembe ndogo zisizo na mpangilio. Dawa hiyo haiondoi vidato. Inavificha.

Mimi hutengeneza vijitabu vya mazishi. Familia moja ilileta picha ya mama yao, mweusi, mwenye uso mtulivu. Binti akasema, "Muongeze mwanga kidogo tu." Nikaongeza asilimia tano. Picha ilikuwa na giza kweli, ikafaa. "Kidogo tena." Tano nyingine. "Bado kidogo." Ombi la nne lilipokuja nikaachilia kipanya. "Dada, tukiendelea hivi huyu hatakuwa mama yako." Akanitazama. "Kwani asilimia tano ni nini?"

Swali hilo ni la zamani. Fumbo lake huhusishwa na Eubulides wa Mileto, Mgiriki wa karne ya 4 K.K.: punje moja si lundo, na kuongeza punje moja hakugeuzi kisicho lundo kuwa lundo, sasa lundo hutoka wapi? Sisi tunasema haba na haba hujaza kibaba, na mara nyingi tunamsifia mwenye kuweka akiba. Lakini kibaba cha uongo pia hujazwa vivyo hivyo, na hakuna haba hata moja unayoweza kuikamata ukasema, wewe ndiye mwongo.

Kuna watakaosema: kama mpaka hauonekani, basi mpaka hakuna, kila mtu na afanye atakavyo. Hapo nakataa. Anayefunga Ramadhani kule Lamu anajua mbingu haina mstari wa alfajiri. Giza huyeyuka polepole. Hata hivyo ratiba iliyobandikwa ukutani hutaja dakika, na dakika hiyo ikifika, kijiko hutuliwa. Hakuna anayedai eti kwa kuwa dakika hii inafanana na iliyopita, ataendelea kula mpaka adhuhuri. Dakika imeandikwa na watu, lakini usiku na mchana ulio pande zake si wa kubuni.

Kwa hiyo asilimia tano, peke yake, si kitu. Tatizo ni kwamba haiko peke yake. Anayepima kila hatua kwa ile iliyoitangulia hataona kosa kamwe. Apime kwa pale alipoanzia. Niliweka picha ya kwanza kando ya ya mwisho. Yule dada alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Rudisha hatua mbili."

Michirizi ya kijivu bado hunikera, na bado huinyunyizia chembe, kwa sababu mandhari ya nyuma hayamdanganyi mtu. Uso wa mtu ni jambo lingine. Hapo afadhali ngazi zionekane, ili mwenye kupanda ajue amepanda mara ngapi.