Habari Ipokewayo kwa Ulimi

Ndugu msomaji, wengi hudhani kwamba mwenye dhambi ya uwongo ni yule aliyeutunga, na aliyeupeleka tu kwa mwenzake hana hatia. Hebu tulichunguze jambo hili.

Mwaka 2018 zilienea nchini India, kwa njia ya WhatsApp, habari za wezi wa watoto. Pamoja nazo ilitembea filamu fupi ya watu wawili juu ya pikipiki wakimnyakua mtoto. Filamu hiyo ilitengenezwa Karachi, Pakistani, ili kuwatahadharisha wazazi, na mwishoni mtoto hurudishwa. Lakini kuna aliyeukata mwisho huo. Tarehe 1 Julai, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, watu watano wa jamii ya wahamaji, waliokuwa wakipita kuomba sadaka, walidhaniwa kuwa wezi hao, wakapigwa hadi wakafa. Mwezi huohuo wenye WhatsApp walianza kuweka mpaka India, kwamba ujumbe usipelekwe mahali zaidi ya patano kwa mara moja. Januari 2019 mpaka huo ukawa wa dunia nzima. Ni hatua njema. Lakini je, uwongo uliopelekwa mara tano si uwongo?

Haya si mapya. Huko Madina, Hadhrat Aisha r.a. aliachwa nyuma na msafara alipokuwa akitafuta mkufu wake uliopotea, akaletwa na sahaba aliyefuata nyuma. Wanafiki wakazua la kuzua, na kwa muda wa mwezi mmoja mji ukanong'ona. Mwenyezi Mungu alipomtakasa katika Sura An-Nur, hakuwakemea waliozua peke yao. Aliwakemea pia waliopokezana, na akasema kwamba waliipokea habari ile kwa ndimi zao. Ajabu! Habari si hupokewa kwa masikio? Naam, lakini mwenye haraka husema kabla hajasikia vizuri, na akili hupitwa njiani. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kidole.

Nawe uliyeingia karibuni katika dini, au ungali ukiichunguza, jihadhari zaidi. Utaletewa habari mbaya za watu wa dini uliyoiacha, nazo zitakupendeza kwa kuwa zinaafiki uliyokwisha kuamini. Uliza: Ni nani aliyeona? Wapi? Lini? Asipopatikana wa kujibu, isiishie kwa mwingine, iishie kwako.

Labda utasema, "Nimekwisha kuipeleka." Basi warudie walewale uliowapelekea, uwaambie kwamba haikuwa kweli. Kufanya hivyo ni kuchungu, lakini mlango haujafungwa. Miongoni mwa waliopokezana kule Madina alikuwamo Mistah r.a., aliyepigana Badri. Huyu hakuwa mnafiki. Alikuwa jamaa yake Hadhrat Abubakar r.a., baba yake Aisha, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha. Abubakar akaapa kutompa kitu tena. Ndipo ikateremka aya ya kuwataka wenye nafasi wasamehe, naye akamrudishia Mistah posho yake.