Wajukuu Zangu, Wekeni Jiwe Chini

Wajukuu zangu, sogeeni hapa barazani. Miguu imechoka na sauti nayo imepungua, lakini la leo siwezi kulilaza. Jana jioni niliwaona mkimrushia mawe yule mbwa anayechechemea pale mwembeni. Nilikwisha kuwaonya, nikawaonya tena. Leo narudia, na msiposikia nitarudia kesho. Mwili umechoka, kuwaonya sijachoka.

Mnamkumbuka Bobi, mbwa wangu? Mlikuwa wadogo bado. Nilipomzika bibi yenu, nyumba hii ya Bigwa ilinielemea. Sikuona sababu ya kuamka, na majirani nikawakwepa. Bobi ndiye aliyekuwa akikwaruza mlango alfajiri akidai chakula chake. Ikabidi niinuke, niwashe moto, nimpikie pumba na dagaa. Akishiba ananitangulia njiani. Tukawa tunatembea kila asubuhi, wingu limekaa juu ya mlima Lupanga, watu wananiamkia nami naitikia. Hivyo hivyo, salamu moja moja, nikarudi kwa watu. Daktari alinipa vidonge vya presha, namshukuru. Ila aliyenitoa kitandani nikavimeze alikuwa Bobi.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mtu akimpapasa mbwa aliyemzoea, kotisoli, ile homoni inayopanda tukiwa na wasiwasi, hushuka mwilini. Anayefuga mbwa hupata sababu ya kutembea, na mzee anayeishi peke yake humpata wa kumngojea mlangoni. Walipolisema wao, mimi nilikuwa nimekwisha kulijua kwa mwili wangu.

Mtaniambia, babu, mbwa ni mbwa tu. Haya, tumseme panya. Panya buku huko milimani, Kinole na Matombo, mkulima humhesabu mwizi: hujaza chakula mashavuni akatokomea nacho shimoni. Hapa hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likimfundisha panya huyo huyo tangu mwaka 2000. Huchukuliwa akiwa mdogo, akabebwa na kuzoeshwa mikono ya watu. Akinusa sawasawa, husikia mlio mdogo na kupewa ndizi au karanga. Akikosea hapigwi, hukosa ndizi tu. Fimbo haijawahi kufundisha pua.

Na tazameni malipo yake. Panya mmoja hunusa sampuli 100 za makohozi kwa dakika kama 20, kazi inayoweza kumchukua mtaalamu mwenye hadubini hadi siku nne. Sampuli anayoitilia shaka, maabara huipima upya, na mgonjwa wa kifua kikuu aliyekuwa amerudishwa nyumbani kwamba hana kitu huitwa akaanze dawa. Wengine hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Magawa, panya aliyezaliwa hapa Tanzania, alifichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Angepokewa kwa jiwe kama mlivyompokea mbwa wa mwembeni, nani angejua puani mwake mna uhai wa watu?

Lakini wanangu, upendo usio na uangalizi nao huua. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na watoto kama ninyi ni wengi miongoni mwao. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kutegemea. Ndiyo maana nawakazania: mbwa wa nyumbani achanjwe, na mkisikia bwana mifugo ametangaza chanjo, mpelekeni bila kungoja kusukumwa. Mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Msipake majani, msingoje kesho. Na mjue kwamba mbwa anayepigwa mawe kila siku ndiye mwepesi wa kuuma.

Mliosoma madrasa mnakijua kisa alichosimulia Mtume, cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake. Wa kanisani nao wanajua kuwa Mungu huwalisha hata ndege wa angani. Popote mlipofundishwa, hamkufundishwa jiwe.

Sasa nendeni, maana nami nataka kujinyoosha. Yule mbwa bado yuko mwembeni. Msimshike, hamumjui, na mnyama mwenye maumivu huogopa hata mkono mwema. Mmoja wenu achukue lile bakuli la Bobi nyuma ya jiko, alijaze maji, aliweke mbali naye kidogo kisha arudi nyuma. Mwingine aende kwa bwana mifugo, amwambie kuna mbwa ameumia, na kwamba babu ndiye aliyemtuma. Mimi nitakaa hapa nikiwatazama, kama nilivyowatazama jana.