Mtoto Hapokei Amri



Kaka yangu ni mwanajeshi. Aliporudi kutoka kulinda amani Kongo, mwanawe alikuwa na miaka 2. Akamwita, "Njoo kwa baba!" Mtoto akakimbilia nyuma ya kanga ya mama yake. Usiku kaka akaniambia, "Frateri, kambini nikisema neno moja watu wanasimama. Huyu mbona ananikataa?"

Nikajiuliza: baba ana haki ya kudai kupendwa? Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Hiyo ni kazi ya utashi, na utashi wa mtoto huyu bado haujakomaa. Basi kwa sasa amri ya upendo inamdai baba tu.

Hata yule akida wa Kafarnaumu (Mt 8) alizoea kuamuru askari, lakini kwa ajili ya mtumishi wake mgonjwa alikwenda kuomba.

Siku hizi kaka anakaa mkekani, anapooza uji, anasubiri. Juzi mtoto alimletea kiatu chake avalishwe. Hakuna aliyemtuma.

Wewe je, unamkimbia nani anayekusubiri? Leo kabla ya kulala, mwambie Baba: nimekuja.