Deni Lililolipwa, Je, Libaki Katika Karatasi?



Leo tunataka kuwaza pamoja juu ya jambo linalogusa jamaa nyingi za inchi yetu. Mtu alikuwa keshie, ao mtunza feza ya likelemba. Akakula ile feza. Hakupiga mtu, hakumwaga damu. Tribinali ikamuhukumu, akaingia buloko, akamaliza azabu yake, akarudisha feza yote. Sasa anatafuta kazi, na wanamuomba karatasi ya kasie judisieri. Mule jina lake lingali limeandikwa. Je, ni haki jina lile lifutwe, ao libaki mpaka siku ya kufa kwake?

Tuangalie kwanza sheria. Katika Kode Penali ya inchi yetu, kifungu cha 95 kinamuhukumu mtu aliyeaminiwa mali akaila: miezi 3 mpaka miaka 5 ya buloko. Kifungu cha 98, juu ya mdanganyifu wa feza, ni vilevile. Basi sheria yenyewe iliweka mwisho wa azabu. Iko tena njia inayoitwa reabilitasio, ni kusema kumrudishia mtu heshima yake mbele ya Leta. Lakini kwa yule aliyekula feza ya Leta, kifungu cha 145 kinakaza mkono: mwaka 1 mpaka 20 ya kazi ngumu, kisha kukatazwa kupiga kura na kuchaguliwa kwa miaka 5 mpaka 20, kukatazwa kazi za Leta, na kunyimwa hata reabilitasio. Kwake mlango umefungwa.

Wengine wanasema: ni vema ufungwe. Tuwasikilize, maana hawasemi bure. Kusema kwamba mwizi wa feza hakumwaga damu si kweli kila mara. Feza ya dawa ikiliwa, mgonjwa anakufa pasipo kisu. Mshahara wa mwalimu ukiliwa, watoto wanafukuzwa masomoni. Tena mwenye kampuni ana haki ya kujua anampa nani funguo. Kufuta jina mbio mbio, wakati mjane aliyeibiwa angali analia, ni kumuibia mara ya pili.

Lakini tuulize tena: azabu isiyo na mwisho inazaa nini? Mtu anayefukuzwa kila mahali, watoto wake watakula wapi? Wengi watarudia udanganyifu, kwa sababu njia nyingine hawakuonyeshwa. Na kama aliyerudisha na aliyeficha wananyimwa sawasawa, nani atakuwa na moyo wa kurudisha?

Neno la Mungu linatuonyesha utaratibu. Katika Walawi sura ya 6, aliyedanganya mwenzake anarudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano, anaitia katika mikono ya mwenyewe. Zakayo aliahidi kurudisha mara ine. Paulo, alipomuombea Onesimo kwa Filemono, hakukana deni. Aliomba liandikwe juu yake yeye. Basi kwanza ni kweli, pili kurudisha, tatu muda wa kujaribiwa, kisha kufuta. Anayetaka kufutiwa pasipo kurudisha anataka tumsaidie kuficha.

Tusichanganye tena mambo mawili. Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka 1921, akakaa kifungoni miaka 30, akafia Lubumbashi mwaka 1951. Kwa mtu kama yeye, kufuta ni kutangaza kwamba kosa halikuwako. Kwa mwizi wa feza sivyo. Kosa lilikuwako, kufuta ni kutangaza kwamba limelipwa. Tena kufutiwa si kurudishiwa funguo za sanduku siku ileile. Anaweza kuwa dereva, seremala, mkulima, na watu wakamuona kidogo kidogo.

Kwa hiyo tunaona hivi. Aliyemaliza azabu, akarudisha yote, akakaa miaka mingi pasipo kosa, jina lake lifutwe. Na kwa aliyekula feza ya Leta, muda uwe mrefu zaidi, juu wengi waliumia, lakini mlango usifungwe kabisa. Asiyerudisha, abaki katika karatasi.

Wandugu, Leta ina karatasi yake, lakini sisi tuna vinywa vyetu. Mtu alilipa yote, na mbele ya hekalu tungali tunamuita "ule mwizi". Watoto wake wanaitwa "watoto wa mwizi". Kasie hiyo hakuna parke inayoweza kuifuta. Iko katika mikono yetu. Jumapili hii, kama mtu wa namna hii anakaa karibu nawe, muite kwa jina lake. Na kama unajua kazi anayoweza kufanya, mwambie.

Bwana awabariki.