Je, Mwenzako Anaujua Msalaba Wako?

Wapendwa katika ndoa, kumficha mwenzako shida ni upendo au ni kiburi?

Kwaresima ya mwaka mmoja nilikuwa na deni la karo ambalo mke wangu hakulijua. Nilifunga na kusali, lakini moyo ulikuwa mzito. Ijumaa, nikiongoza Njia ya Msalaba, kituo cha tano kilinigusa: Bwana wetu mwenyewe alisaidiwa na Simoni wa Kirene. Mimi ni nani hata nikatae bega la mke wangu?

Jioni nilimweleza yote. Alilia. Kilichomuumiza si deni, bali kufichwa. Kisha tukapiga magoti pamoja. Deni lilibaki, lakini usingizi ulirudi.

Ndugu, Kwaresima hii tunapofunga chakula, tufunguliane pia mioyo.