Mgeni na Jembe

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii yanena juu ya siku ya tatu, wala hainenI neno juu ya mwaka wa thelathini. Je, mgeni aliyeshika jembe hata akavuna, angali mgeni?

Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya mwaka 1995 huwagawa wageni wakaazi kwa madaraja. Mwekezaji hupewa kibali cha daraja A, mwajiriwa B, na mwanafunzi C. Mwanafunzi aliyehitimu akitaka kufanya biashara hana budi kuomba kibali kingine. Hiyo si dhuluma, kwani mwenye nyumba ana haki ya kujua nani yumo nyumbani mwake na kwa shughuli gani. Kama mgeni aliificha nia yake alipobisha hodi, alisema uongo. Kama nia ilimea baadaye, hana hatia.

Walakini kipimo cha daraja A ni mtaji. Jasho nalo lipimwe kwa nini? Natutazame Katavi. Watu walioikimbia Burundi mwaka 1972 walipewa ardhi katika misitu ya Mpanda, huko Katumba, na baadaye Mishamo. Mtaji wao ulikuwa mikono yao. Walilima mahindi, mihogo na tumbaku, wakazaa, wakazika. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, mkoani Tabora, walikubaliwa uraia, lakini kwa sharti la kuhamia mikoa mingine. Sharti hilo liliachwa baadaye, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014.

Yuko atakayesema kwamba kumpa mtu jembe si kumpa shamba. Ni kweli. Mwenyeji hakuahidi undugu, na masharti ni haki yake. Mgeni naye ana wajibu: waliotaka uraia huo iliwapasa kuukana ule wa Burundi. Lakini sharti la haki hutajwa kabla ya kupanda. Likitajwa baada ya mavuno, humnyang'anya mtu kazi ambayo hawezi kuifanya mara ya pili, maana miaka yake imekwisha kupita.

Basi jibu langu ni hili. Kwa sheria, mgeni ni mgeni mpaka sheria iseme vingine. Kwa uadilifu, kila mavuno mwenyeji ayapokeayo humpunguzia uhuru wa kumwambia aliyelima, "Ondoka."