Kalamu Imeinuliwa kwa Mgonjwa, kwa Mamake Je?

Fikiria mama mjane wa Kikongo kule Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mwanawe ni kijana mzima. Anasikia sauti, halali usiku, na akitoka peke yake hupotea au hurushiwa mawe. Siku ya mgao ni lazima mama aende mwenyewe kupanga foleni. Anamfungia mwanawe chumbani kwa kufuli, anaondoka. Je, amedhulumu?

Wengi tungejibu haraka: ndiyo, mtu hafungiwi kama mbuzi. Nami nakubali. Ni dhulma, hata kama anayefunga anafunga huku akilia. Linalonisumbua ni hili: dhambi yake inaandikwa kwa nani?

Fiqhi imemtoa mwendawazimu katika wajibu. Haulizwi swala aliyoiacha wala funga aliyoila; kalamu imeinuliwa. Kwa mama haijainuliwa. Anapokuja kwetu amechoka, tunampa neno moja: subiri. Subira ni ibada, sikatai. Ila tazama nani hulisema neno hilo. Mara nyingi ni yule anayerudi kwake kulala.

Kosa letu ni kuifanya kazi hii faradhi aini ya mama. Jamaa ndio wa kwanza, kweli, lakini wakishindwa mzigo ni faradhi kifaya: wakitimiza wanaotosha, wengine wamesalimika, wasipotosha, kila aliyeweza akakaa kimya ana sehemu yake. Na mtu mmoja hatoshi. Hawezi kulinda usiku, kulima mchana, kisha kumpeleka mgonjwa hadi hospitali ya rufaa ya Mbarara. Tangu 2020 mgao wa wakimbizi Uganda umepunguzwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo nauli ya kwenda kwa daktari hutoka kwenye unga wa watoto wengine.

Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo, ikawa na wadi za wagonjwa wa akili, na ikaendeshwa kwa mali ya wakfu. Maana yake gharama ya mgonjwa kama huyu haikuachwa mlangoni kwa mamake.

Sisi wanafunzi wa Mbarara hatuna mali ya sultani. Ramadhani tunachanga mchele na sukari, tunapeleka, tunapiga picha, tunarudi jioni. Sijasikia katika mikutano yetu mtu akiuliza nani atakaa na kijana yule kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, siku moja tu ya mgao, pamoja na vijana wa msikiti wa hapo hapo, ili mlango ubaki wazi.

Mtasema: akitupiga je? Hofu hiyo ni ya kweli, na mama aulizwe kwanza, maana ndiye anayejua saa zake mbaya na nzuri. Yeye hulala naye nyumba moja kila siku.